Dalili Niliyoisifu

Ulevi hauingii nyumbani kwa kishindo. Huja kama mgeni mwenye adabu, hupiga hodi, huketi karibu na mlango. Na siku mwenye nyumba atakapo kumtoa, humkuta amekwisha kalia kiti chake. Nayajua haya kwa kuwa mgeni huyo alimfikia kaka yangu, nami nilikuwa miongoni mwa waliomkaribisha.

Kaka yangu ni seremala mjini Tanga. Hapo kwanza bilauri mbili za tembo la mnazi zilitosha kumlegeza. Baada ya mwaka mmoja alikunywa sita, akasimama wima kama mlingoti. Tulimsifu tukasema, "Huyu ni dume, pombe haimwezi!" Kumbe sifa hiyo ilikuwa dalili ya kwanza: ubongo wake ulikwisha izoea sumu, ukadai zaidi ili upate raha ile ile. Mlevi ayumbaye huonewa huruma. Asiyeyumba huongezewa bilauri.

Dalili nyingine zilifuatana kama siafu. Alisema "moja tu", akarudi usiku wa manane. Aliacha mpira alioupenda. Madirisha ya watu yalilala karakanani bila kumalizwa. Aliapa kuacha, akavunja kiapo, akaapa tena. Mwisho, mikono yake ilitetemeka asubuhi hata msumeno ukaiacha njia, na haikutulia mpaka anywe.

Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walitoa kitabu kitajacho dalili 11 za maradhi haya. Mbili katika miezi 12 zatosha kuyatambua. Sita au zaidi ni hali kali. Niliposoma orodha ile, nilimhesabia kaka sita.

Kwa hofu, nilitaka kumfungia chumbani asionje hata tone. Tabibu alinizuia. Alisema kwamba mwili uliokwisha zoea kileo kingi ukinyimwa ghafula waweza kupatwa na kifafa, hata mauti; mtu wa namna hiyo huachishwa chini ya ulinzi wa waganga. Tukampeleka hospitali, akaachishwa kwa dawa. Leo randa yake hupita sawa juu ya ubao.

Kaka hanilaumu. Lakini kila nisikiapo kijana akisifiwa kwamba halewi, hutamani kuishika bilauri yake nikamwuliza: zamani zilikutosha ngapi?