Setilaiti 'Uhuru' iliyopaa kutoka Ngomeni

Ukibahatika kuzuru Malindi, msomaji, usiishie kwenye Nguzo ya Vasco da Gama. Shika barabara ya Garsen hadi Gongoni, kisha upinde kuelekea Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilicho karibu na mashamba ya chumvi. Tazama baharini. Utaona majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa majini na Waitaliano katika miaka ya 1960. Moja linaitwa San Marco.

Kutoka hapo, mnamo Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi ilipaa na setilaiti ya Wamarekani. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kusaka miale ya eksirei itokayo mbali angani. Hewa ya dunia huizuia miale hiyo, kwa hivyo sharti chombo kipelekwe juu. Na karibu na Ikweta, roketi hupata msukumo mkubwa zaidi kutokana na kuzunguka kwa dunia.

Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339. Lakini kusikia ngoma si kumjua mpigaji. Setilaiti ilionyesha eneo tu, na humo darubini ya kawaida huona nyota chungu nzima. Ni ipi yenyewe?

Chukua mfano wa Cygnus X-1. Mnamo 1971, mawimbi ya redio yaliwaelekeza wataalamu kwenye nyota kubwa ya samawati, HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton nchini Canada, waligundua kwamba nyota hiyo huzungushwa na kitu kisichoonekana kila baada ya siku 5.6. Hesabu za 2021 zilionyesha kitu hicho kina uzito mara 21 ya jua letu. Ni shimo jeusi! Gesi inayonyonywa kutoka kwa nyota hiyo hupata joto kali na kutoa eksirei kabla ya kumezwa.

Chandra, iliyorushwa 1999, huona vyanzo hafifu kuliko vya Uhuru. Hapo kazi huwa ngumu zaidi. Vingi vimepatikana kuwa galaksi za mbali zenye mashimo meusi makubwa katikati, lakini vingine ni vigumu kuonekana hata kwa darubini kubwa. Bila kumpata mwenye miale, umbali wake haupimiki kwa urahisi. Na bila umbali, utajuaje kama ni kibatari cha jirani au moto mkubwa wa mbali?

Kwa hivyo, ukifika Ngomeni na watoto, waonyeshe majukwaa hayo. Waambie pia kwamba wataalamu wa nyota wangali wanaandika majina yanayoanza na 4U, na kwamba U hiyo ni ya neno letu: Uhuru.