Kabla ya Kununua Mashine Mpya, Uliza Jina la Mlinzi Wake

Wengi wetu twatumia kompyuta, lakini ni wachache wanaojua ya kuwa ndani yake mna mlinzi. Ni chipu ndogo iliyokaa juu ya ubao mkubwa. Kazi yake ni kupima joto, kuhesabu mizunguko ya feni na kupima nguvu ya umeme. Viwanda kama Nuvoton na ITE vya Taiwan hutengeneza chipu za namna hiyo. Mlinzi huyu husema daima, lakini sharti programu ijue jina lake ndipo ifahamu maneno yake.

Katika ofisi yetu ya parokia mna kompyuta moja yenye kutumia Linux. Humo tumeandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Kiangazi kilipofika na vumbi lake, mashine ilianza kuzimika yenyewe, mara mbili au tatu kwa siku. Watu waliofuata vyeti vyao walirudi nyumbani mikono mitupu. Wazee wa halmashauri wakasema: «Mwalimu, tununue nyingine.» Lakini feza iliyokuwapo ilikuwa ya mabati ya darasa. Basi tukaomba siku tatu tutafute kwanza ugonjwa.

Programu ya vipimo ilituonyesha joto la prosesa tu, kwa sababu prosesa ina kipimo chake ndani. Habari za feni hazikuonekana. Tukaendesha sensors-detect, programu yenye kubisha hodi kwa kila chipu na kuiuliza namba yake. Ikajibu: chipu ipo, lakini haijulikani, namba yake 0xd42b.

Hapo njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kumlazimisha kiendeshaji aichukue chipu kana kwamba ni nyingine anayoijua. Njia hiyo ni fupi, lakini ina hatari: chipu mbili hazipangi vipimo vyao mahali pamoja, na amri ikiandikwa mahali pasipo pake yaweza kusimamisha feni. Njia ya pili ni kuuliza jina. Tukachagua ya pili.

Tukachomoa waya wa umeme, tukafungua sanduku, tukamulika kwa tochi. Juu ya chipu paliandikwa NCT6798D, ya Nuvoton. Kiendeshaji cha jamii hiyo chaitwa nct6775, na katika orodha yake chipu hii ina namba d428. Mbona yetu yasema d42b? Kwa sababu biti tatu za mwisho zaonyesha toleo tu. Kiendeshaji huziacha, hutazama zilizobaki. Ni kama ndugu wa ukoo mmoja: jina la ukoo halibadiliki. Orodha ya sensors-detect ilikuwa ya zamani, lakini kerneli yetu ilikuwa mpya nayo ilikwisha kuijua. Tukaandika modprobe nct6775, na mlinzi akaanza kusema.

Akasema nini? Feni ya prosesa ilizunguka mara 600 kwa dakika, na joto lilipopanda haikuongeza mbio hata kidogo. Kwa macho ilionekana nzima, maana jicho halihesabu mizunguko. Tukapangusa vumbi, tukaweka feni nyingine. Sasa yafika mizunguko 1500 kazi ikiwa nyingi, na mashine haizimiki tena.

Lakini tuwaonye wenzetu: si kila namba ni ya kuaminiwa. Mstari mmoja ulisema digri 127, na hapo hapakuunganishwa kipimo chochote. Tena umeme wa volti 12 hupunguzwa kwanza kwenye ubao kabla ya kuifikia chipu, na kiendeshaji hakijui umepunguzwa mara ngapi. Kwa hiyo hesabu yaweza kuonekana ndogo mno. Linganisheni namba hizo na ukurasa wa BIOS kabla ya kuogopa.

Mabati yamenunuliwa, na watoto wa darasa la tatu hawanyeshewi. Basi, ndugu msomaji, fundi akikuambia ya kuwa mashine yako imekufa, mwulize kwanza kama amemsikiliza mlinzi wake, na kama amemjua kwa jina. Kuuliza si ujinga. Tena bei yake ni ndogo kuliko bei ya mashine mpya.