Masasi yasiyoisha



Kila Jumatatu, saa ya mapumziko, chini ya mwembe kuna kesi moja tu: filamu gani iko na mapigano makali kuliko zingine? Huyu anasema Rambo, yule Commando, mwingine Jackie Chan. Sisi wa mwaka wa sita tumechoka kuamua kesi hiyo kila wiki. Tumeona vema kuandika mawazo yetu hapa, na tunaanza kwa kuungama.

Jumamosi moja jioni, mkuu wa nidhamu alitutuma sisi makapita watatu sokoni Baraka, tuwatoe wadogo waliotoroka kwenda kutazama video. Tuliwakuta saba, wamebanana kwenye benchi la mbele. Kazi yetu ilikuwa kuandika majina na kurudi nao. Lakini filamu ilikuwa Commando, ile ya mwaka 1985. Tukaambiana: dakika mbili tu. Tukakaa.

Tulimwona Schwarzenegger akishambulia kisiwa kizima peke yake. Askari wanaanguka kama maembe ya upepo. Yeye masasi hayamwishii, na ya askari hao hayampati. Watoto walicheka na kupiga makofi. Hakuna aliyeogopa, hata kidogo.

Ghafla, nyuma ya nyumba, jenereta ikatoa mlio: pa! pa! Kufumba na kufumbua, chumba kizima kilikuwa chini: wazee, watoto, mwenye video, na sisi makapita pamoja na daftari letu. Hakuna aliyepiga kelele. Sisi watu wa Fizi hatuhitaji kufundishwa namna ya kulala chini. Kwenye televisheni yule shujaa aliendelea kufyatua, lakini hakuna aliyemwangalia.

Njiani tulijiuliza: kwa nini milio miwili ya jenereta imetushinda nguvu kuliko masasi elfu ya filamu?

Jibu letu la kwanza: pale chini kila mtu alijua anachoweza kupoteza. Katika Commando tunajua tangu mwanzo kwamba shujaa hatapoteza kitu, ndiyo maana tunacheka. Someni tena habari ya Daudi na Goliathi, 1 Samweli 17. Sura ile ina mistari 58. Jitu linatoka asubuhi na jioni, siku 40. Tunaonyeshwa uzito wa silaha zake. Daudi anajaribu mavazi ya Sauli, anashindwa kutembea nayo, anayavua. Anaokota mawe 5. Halafu pigano lenyewe linakaa katika mistari 4 tu, toka 48 mpaka 51, na jiwe linalotumika ni 1. Tunatiwa hofu kwanza, kwa muda mrefu. Pigo linakuja mwisho, mara moja.

Jibu la pili: mtazamaji lazima ajue nani yuko wapi. Katika Police Story ya mwaka 1985, Jackie Chan anaruka ndani ya duka kubwa, anateleza kwenye nguzo ndefu iliyozungushiwa taa, na vioo vinavunjika. Alifanya mwenyewe, na mikono yake iliungua. Tunaona juu alikotoka na chini anakokwenda, basi matumbo yetu yanashuka pamoja naye. Filamu zingine zinakatakata picha mbio mbio mpaka hujui nani amempiga nani. Hapo unabaki na makelele tu.

La tatu ndilo kubwa: pigo liache alama. Wadogo wanapenda Rambo ya tatu, ya mwaka 1988, ambamo watu wanakufa makumi kwa makumi na tunawasahau papo hapo. Sisi sasa tunachagua ile ya kwanza, ya mwaka 1982. Wanaokufa ndani yake ni wachache sana. Rambo anaumia mkono, anajishona mwenyewe kwa sindano, na mwisho, mwanaume mzima yule, analia mbele ya mkubwa wake wa zamani kwa sababu ya rafiki aliyemfia vitani. Zamani tulikuwa tunaona mwisho ule ni wa aibu.

Tunasema haya kwa sababu ya mmoja wa wale saba. Mwezi mzima alikuwa akijisifu bwenini kwamba masomo ni marefu, bunduki ni fupi, na kwamba likizo ikifika atapanda mlimani kuwafuata wenye silaha. Usiku ule, jenereta ilipolia, yeye ndiye aliyelala juu ya mwenzake kumfunika. Njia nzima hakusema neno. Tulipofika karibu na geti akatushika shati, akauliza: «Kapita, bale batu ba mu filamu, nani anabazikaka?»

Hatukuwa na jibu. Hata sasa hatuna. Lakini tunafikiri filamu inayomfanya mtoto aulize hivyo ingekuwa kubwa kuliko zote tulizozitaja.

Katika daftari tuliandika majina kumi, yetu matatu ya kwanza. Tulifyeka majani ya uwanja siku tatu, wote pamoja, na yule mdogo alifyeka karibu nasi. Likizo imepita. Amerudi, yuko darasani.

Mwenye wazo lingine juu ya kesi hii aliandike, atuletee kabla ya toleo lijalo.

Kapita wenu, mwaka wa sita