Kabla ya Kununua Chaja Nyingine

Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye umeme wa vyombo vya baharini: boti za wazamiaji za Nungwi na Matemwe, boti za uvuvi, boti za kubebea watalii, na mashua za matanga zinazotia nanga Msasani, Mtwapa na Kilifi. Katika kazi hiyo yote, kifaa kilichonifunza kufikiri kuliko kingine chochote ni chaja ya betri iliyokufa. Hukumu niliyofikia ni hii: chaja inapokufa ndani ya boti, mara nyingi yenyewe ni ya mwisho kuumia wala si ya kwanza, na anayefunga mpya kabla ya kujua kilichoiua ile ya zamani hajatengeneza kitu. Atarudi dukani. Hukumu hii nataka kuitetea kwa vipimo, kwa sababu mafundi wazuri wengi hawaikubali, na hoja zao si za kupuuzwa.

Kwanza ieleweke kwa nini jambo hili linastahili kutetewa. Jahazi la zamani lilifuliwa maji kwa upo na mikono ya baharia, na usiku lilijulisha lilipo kwa kandili. Boti ya leo hukaushwa ngama na pampu inayojiwasha yenyewe, na pampu hiyo hula betri. Taa za njia hula betri, GPS hula betri, redio ya VHF ya kuombea msaada kwenye chaneli 16 hula betri, na injini yenyewe haiwaki bila betri. Boti nyingi huvuja kidogo kwenye shafti ya rafadha, jambo la kawaida lisilomtisha mtu maadamu pampu ni nzima. Sasa boti hiyo ikiachwa gatini bila mlinzi, chaja ikafa, pampu itaendelea kuvuta kilichobaki kwenye betri mpaka kiishe. Pampu ikinyamaza, maji hayaachi kuingia. Chombo kinaweza kuzama kikiwa kimefungwa kamba, bahari ikiwa shwari na mvua haijanyesha. Ndiyo maana sikubali chaja ihesabiwe kuwa suala la gharama peke yake. Ni suala la usalama wa chombo na wa watu watakaopanda.

Ushahidi wa kwanza uko mahali chaja inapofungwa. Chaja hupokea umeme wa mkondo geu, volti 230 hivi, ikaushusha na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu unaofaa betri. Chaja nzuri ya betri ya volti 12 hufanya kazi kwa hatua tatu: husukuma ampea zake zote mpaka betri ifike karibu volti 14.4, kisha hushikilia volti hizo huku ampea zikipungua, na mwisho hushuka hadi karibu 13.5 kuilinda betri iliyokwisha kujaa. Kazi hiyo hutoa joto, na joto ndilo adui wake mkubwa. Kapasita zilizo ndani yake hupoteza takriban nusu ya umri wao kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka. Chumba cha injini cha boti ya pwani yetu hufika nyuzi 45 au zaidi kwa urahisi. Feni ya chaja iliyofungwa humo huvuta hewa yenye chumvi na mvuke wa mafuta, na chumvi hiyo hunyonya unyevu hata ndani ya boti kavu, ikajenga utando juu ya bodi ya saketi. Chaja ya namna hiyo imeuawa na mahali ilipofungwa. Mpya ikifungwa kwa skrubu zile zile, ukutani pale pale, hakuna sababu ya kutegemea mwisho tofauti.

Ushahidi wa pili uko kwenye betri. Betri ya risasi na tindikali, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ina seli sita, kila moja ikitoa volti mbili na kidogo. Iliyojaa, baada ya kupumzika saa kadhaa, husoma karibu 12.7, iliyofika nusu husoma karibu 12.2, ikishuka chini ya 11.9 imekwisha. Lakini betri iliyochajiwa ikapumzishwa, kisha ikasoma karibu 10.5, ina seli moja iliyopigwa shoti ndani. Chaja haina macho ya kuliona hilo. Inatafuta volti 14.4 kwa seli tano zinazofanya kazi na haifiki, kwa hiyo inabaki hatua ya kwanza, ikisukuma ampea zote usiku na mchana. Seli nzima huchemka na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, na chaja yenyewe hujipika. Anayekuja asubuhi huikuta chaja imekufa na kuilaumu, wakati mkosaji ni betri iliyo pembeni yake. Hata betri nzima hudhurika kwa joto. Ikiwa moto kupita nyuzi 25, volti za kuchajia zinapaswa kupunguzwa. Kwenye nyuzi 45, upungufu unaotakiwa hukaribia nusu volti. Chaja isiyo na kihisi cha joto kilichobandikwa kwenye betri hailijui jambo hilo, itaikausha betri maji, na betri iliyokauka itaigeukia chaja.

Ushahidi wa tatu umejificha kwenye maungio ya nyaya, na hesabu yake ni ya darasani. Ungio lililoliwa na kutu ya kijani, likawa na ukinzani wa omu 0.05 tu, likipitishwa ampea 20 hupoteza volti nzima moja na kutoa joto la wati 20 mahali padogo kama kucha. Chaja inaona 14.4 mlangoni kwake; betri inapata 13.4. Mara nyingi haijai, na betri isiyojaa hugandwa na salfeti kwenye sahani zake mpaka ikataa kupokea umeme. Mwenye boti husema chaja imechoka, akanunua kubwa zaidi. Kubwa zaidi hupitisha ampea nyingi zaidi, na lile ungio bovu huzidi kuwaka. Hapo hatari imepanda kutoka betri dhaifu hadi moto ndani ya chombo cha faibaglasi. Dawa yake ni waya wa shaba iliyopakwa bati, vichwa vya nyaya vilivyobanwa kwa koleo lake halisi, na grisi ya kuzuia chumvi. Vyote hivyo ni rahisi kuliko chaja.

Ushahidi wa nne ni umeme unaoingia. Chaja nyingi hulishwa kwa waya mrefu mwembamba uliovutwa kutoka nyumba ya karibu, volti zikashuka njiani, au kwa jenereta ndogo ya petroli ambayo volti zake huruka pale mzigo mwingine unapozimwa. Watu wa Unguja wanajua umeme wa namna hiyo. Kebo ya chini ya bahari kutoka bara ilipoharibika, kisiwa kilikosa umeme wa gridi kwa karibu mwezi mzima kuanzia Mei 2008, kisha tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Nyumba, maduka na vyombo viliishi kwa jenereta. Anayechaji boti kwa umeme unaoyumba anahitaji kifaa cha kusawazisha volti kabla hajahitaji chaja nyingine. Anahitaji pia waya wa ethi uliofungwa kweli, kwa sababu chaja mbovu isiyo na ethi inaweza kumuua mtu aliyeigusa huku amesimama kwenye maji.

Kutokana na hayo, utaratibu wa kazi unajieleza wenyewe. Chomoa umeme kwanza na ufungue madirisha. Tazama na unuse: plastiki iliyoungua, betri iliyovimba, utando mweupe wa chumvi. Tenganisha betri, zipumzishe, pima kila moja peke yake. Kagua fyuzi. Funga tena betri, rudisha umeme, kisha upime unaoingia wakati mzigo upo, kwa kuwa soketi isiyovutwa kitu husoma vizuri hata ikiwa mbovu. Chaja ikiwa bado inatoa ampea, pima kati ya kichwa chake na kichwa cha betri. Ukiona tofauti inayozidi robo ya volti, ungio fulani linakula umeme. Mwisho, ifunge chaja kwenye betri unayojua ni nzima. Chaja nyingi za kisasa hukataa kuanza zikikuta betri imeshuka mno, na huonekana zimekufa wakati ziko salama. Chaja kama hiyo hutupwa bila kosa.

Pingamizi la kwanza ninaloambiwa ni la muda. Boti ina wageni asubuhi, nahodha anahitaji kuondoka, hakuna nafasi ya kupima kila waya. Naliheshimu pingamizi hili kwa sababu riziki ya watu wengi iko ndani yake. Lakini haraka ina dawa yake: betri nzima iazimwe, au iliyopo ipelekwe nchi kavu ikachajiwe usiku, na safarini altaneta ya injini iendelee kuijaza. Boti itaondoka. Kinachohitaji subira ni uamuzi wa kununua, na uamuzi huo unaweza kungoja wageni washuke. Pingamizi la pili ni kwamba chaja za siku hizi zimemiminiwa gundi ngumu ndani na hazifunguliki, basi uchunguzi una faida gani? Ni kweli hazifunguliki, na sidai kila chaja itengenezwe. Ninachodai ni kuchunguzwa kwa boti. Chaja iliyokufa itupwe, lakini sababu ya kufa kwake itabaki ndani ya chombo mpaka mtu aitoe.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: kwamba paneli za sola na betri za lithiamu zimelimaliza tatizo. Sola ni neema kwa pwani yetu, nami huipendekeza. Paneli ya wati 100 hutoa takriban ampea-saa 30 kwa siku ya jua zuri, kiasi cha kuilisha pampu ya ngama na kubaki. Hata hivyo, kidhibiti cha sola nacho ni chaja. Kikifungwa kwenye chumba cha injini kitakufa kwa joto lile lile, na maungio yake yataliwa na chumvi ile ile. Lithiamu nayo inadai volti zake maalumu. Chaja ya betri za risasi yenye hatua ya kuondoa salfeti inaweza kuidhuru. Na mfumo wa ulinzi wa lithiamu ukikata umeme ghafla wakati injini inazunguka, dayodi za altaneta zinaweza kuungua. Teknolojia mpya imeongeza umuhimu wa kupima, haikuupunguza.

Liko jambo la mwisho, nalo linahusu malipo. Mteja wa pwani hulipa kwa moyo mweupe akikabidhiwa kifaa kipya ndani ya boksi, lakini husita kulipia saa moja ya kupimwa betri na nyaya, kwa kuwa haoni alichokabidhiwa. Fundi naye ana watoto wa kulisha, kwa hiyo huuza kile kinachonunuliwa. Hivyo ndivyo desturi ya kubadilisha bila kuchunguza inavyojengwa na pande zote mbili, na lawama haiwezi kumwangukia fundi peke yake. Ndugu mwenye boti, mlipe fundi wako kwa kupima, umtake akuandikie volti za kila betri na kila ungio, na uyahifadhi maandishi hayo chomboni. Nawe kijana unayeianza kazi hii, usikubali kuuza chaja kabla hujaweza kueleza, kwa tarakimu, kilichoiua ile ya kwanza.