Kilo za Chai za Kianjokoma

Nairobi nilikuwa nimeizoea. Kupita hapo kuelekea Mlima Kenya ndiko kulikokuwa kugeni kwangu, mtu wa Mombasa. Rafiki yangu muuguzi alikuwa anaenda kwao likizo, nami nikamfuata. Matatu ilipita Makutano, ikakata mashamba ya mpunga ya Mwea, ikavuka mto Rupingazi na kutuingiza Embu mjini. Hapo tukabadilisha gari na kuanza kupanda. Kahawa na migomba vilitusindikiza mwendo mrefu, kisha kahawa ikapungua na chai ikashika pande zote za barabara. Kianjokoma nilishuka nimevaa sweta mbili.

Baba mdogo wa rafiki yangu alitupokea langoni.

"Karibu, mwanangu. Umeacha joto lote la Mombasa kuja kutafuta baridi yetu?"

Maneno yalikuwa ya utani, lakini sauti ilikuwa ya chini na uso haukucheka. Tulipoketi, mkono wake wa kulia ulitetemeka juu ya paja, kidole gumba kikisugua cha shahada. Mkewe alipompa kikombe akakishika, mtetemeko ukatulia.

"Ni uzee tu," mama akasema alipoona tunatazama.

Rafiki yangu hakubishana. Aliuliza: Mzee bado anasikia harufu ya chakula kikiungua? Choo anapata vizuri? Usiku analala kimya? Mama akacheka. Harufu ilimpotea zamani, choo ni taabu, na usiku hurusha mateke na kufoka kama anayefukuza wezi, kumbe amelala fofofo. Baadaye rafiki yangu alinieleza kwamba mambo hayo yanaweza kutangulia mtetemeko kwa miaka mingi.

Asubuhi tulishuka shambani. Kuchuna chai ni kazi ya vidole: majani mawili na kichipukizi, mikono yote miwili ikienda kasi moja. Wa kushoto wa Mzee ulikuwa mwepesi, wa kulia ukachelewa nyuma yake. Alipotembea, mkono huo haukupunga, na mguu wa upande huohuo aliuburura kidogo. Rafiki yangu akaninong'oneza kwamba uzee kwa kawaida hulegeza pande zote mbili, ilhali ugonjwa wa Parkinson aghalabu huanza upande mmoja, kisha husambaa. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa polepole, na mwili huanza kuwa mzito na kukakamaa. Wako wagonjwa wasiotetemeka kabisa.

Kwenye kituo cha kununulia chai, karani alipima kikapu na kutikisa kichwa. "Huyu alikuwa anawashinda vijana. Siku hizi kilo zinashuka tu."

Daktari James Parkinson alieleza ugonjwa huu London mwaka 1817, lakini huku milimani bado unapita kwa jina la uzee. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2008, ulikuta wagonjwa 33 kati ya watu wapatao 161,000. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini.

Tuliteremka na Mzee hadi hospitali mjini Embu. Daktari alimwomba agonganishe vidole haraka, ainuke kitini bila kushika kitu, atembee na kugeuka. Akampa kalamu: herufi zilianza kubwa, zikasinyaa kadiri mstari ulivyosonga. Aliuliza pia dawa anazomeza, kwa sababu baadhi ya dawa, kama haloperidol na metoclopramide ya kuzuia kutapika, huleta dalili zinazofanana, na mara nyingi hizo hupungua dawa ikisimamishwa. Mzee hakuwa anatumia yoyote. Akaandikiwa levodopa, akaelezwa kwamba itamrahisishia mwendo bila kuuzuia ugonjwa, na kwamba mazoezi ni sehemu ya tiba.

"Ilianza lini?" daktari akauliza.

"Juzi juzi," Mzee akajibu. "Mkono ulipoanza kutetemeka."

Mama akafungua mkoba, akatoa risiti za chai zilizofungwa kwa mpira, akazipanga mezani mwezi baada ya mwezi. Kilo zilikuwa zimeanza kushuka zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mtetemeko huo. Daktari akazipitia zote, na kwenye faili, penye mwanzo wa ugonjwa, akaandika tarehe ya risiti.