Mstari Mwekundu Nilioupiga

Nilimkosea mwanafunzi wangu, na kosa lenyewe lilianza kama kosa la kemia.

Kila asubuhi alipanda matatu kutoka Ruiru hadi Thika, daftari lake limejaa michoro ya molekuli za kuangamiza protini. Molekuli ya aina hii ina vichwa viwili. Kimoja hushika protini inayoleta ugonjwa. Cha pili hushika kimeng'enya cha seli kinachoibandika protini hiyo ubikwitini, alama ya kwamba ipelekwe kwenye proteasomu ikasagwe. Katikati pana kiunganishi. Wazo hili lilichapishwa mwaka 2001 na kina Craig Crews na Raymond Deshaies, na kufikia 2019 molekuli ya namna hiyo ilikuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume.

Sisi kazi yetu ilikuwa ya kompyuta tu. Alitaka kulinganisha viunganishi vifupi na virefu, vinavyopinda na vilivyokakamaa. Nikaupiga mstari mwekundu ukurasa mzima. "Hiyo ni kamba tu," nikamwambia. "Wewe shughulika na vichwa."

"Lakini Daktari, nira ikiwa fupi mno ng'ombe si watagongana?"

Nilimwambia asinipotezee muda. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijasoma, na niliona haya kusema hivyo mbele yake.

Ningesoma, ningekuta kwamba mwaka 2017 timu ya Alessio Ciulli kule Dundee ilionyesha umbo la molekuli iitwayo MZ1 ikiwa imezishika protini zote mbili, ile lengwa na kile kimeng'enya. Kiunganishi kilikuwa kimejikunja, na protini zenyewe zimekumbatiana. Kiunganishi huchangia sana kuamua kama zitakutana hivyo. Kikiwa kifupi mno, zinasukumana. Kikiwa kirefu na kinachoyumbayumba, huenda zisikae pamoja kwa mkao unaofaa, na ubikwitini isifike mahali pake. Molekuli inaweza kuwa na vichwa vinavyong'ang'ania barabara na bado isiangamize chochote. Vichwa hivyo ndivyo nilivyomfanya avisugue kwa miezi minane.

Tasnifu yake ilipita, lakini swali lake zuri kuliko yote halimo ndani. Na hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata ile miezi, kwa sababu baada ya pale hakuniletea swali jingine. Alileta matokeo, akaitikia, akaenda zake.

Siku hizi anafundisha kemia katika shule ya upili huko Ruiru. Mwezi uliopita nilimfuata nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi na kwamba nilimnyamazisha ili kuficha nisichokijua. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama wanafunzi wangu wa mwaka huu nimeshawaambia.

Nilikuwa sijawaambia. Jumatatu iliyofuata niliwaambia, nikaandika jina lake ubaoni.