Viti Ishirini

Jumapili saa nane na nusu mchana huwa nimeshika ufunguo wa nyumba ya watu. Chama chetu cha wahumanisti, watu wanaofuata utu na akili bila kutegemea dini, hakina jengo lake. Tunakodi chumba kwa Waquaker, wale ambao Kakamega na Vihiga wanajulikana kama Marafiki. Tusiosali tumepanga kwa wanaosali, na kodi hatujawahi kuchelewesha.

Kazi yangu ni viti na saa. Tukitarajia watu thelathini, naweka viti ishirini. Vingine naviacha ukutani vimepandana. Atakayekuta vimejaa atakwenda kujichukulia chake, njiani atamletea na mwenzake, na kabla mzungumzaji hajafungua mdomo wale wawili wameshajuana. Ukipanga viti vyote hamsini watu hukaa mmoja mmoja, kila mtu na kisiwa chake, na koti kaliweka kiti cha pili ili asisogelewe.

Hilo nilifundishwa na Mama wa Jinja. Si jina lake, ndivyo ninavyomwita. Ni Mgujarati aliyezaliwa Uganda, akaondoka mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kufungasha. Mimi ni dereva wa basi katika mji mdogo usiofika saa moja kwa treni kutoka Leicester, Uingereza. Siku moja gari dogo lilinichomekea, nikasema peke yangu kwa Kiswahili, "Mjinga mkubwa huyu!" Nyuma yangu nikasikia kicheko. "Kijana, wewe toka wapi?" Nikamwambia Tanga. Akashuka kituo chake, lakini kwanza akasimama mlangoni huku abiria wananuna: "Jumapili kuja. Iko mkutano. Iko chai."

Nilifuata chai, nisiseme uongo. Nilidhani nitakuta watu wanaotukana dini, nikawa nimejiandaa kuondoka mapema. Nikamkuta yeye jikoni na sinia la bajia. "Wewe mrefu. Shusha vikombe." Wiki ya tatu nikapewa ufunguo. Ana miungu yake nyumbani, kwenye rafu, na kila asubuhi huwawashia taa. Nilipomuuliza huku anafuata nini, akasema huku anakuja kusikia watu "nafikiri kwa sauti". Hakuna aliyewahi kumwona ana kasoro kwa hilo, na mimi sikuliuliza tena.

Mama yangu mzazi, Tanga, alikuwa na wasiwasi zaidi.

"Mwanangu, mnasali nini huko?"

"Hatusali, mama. Anakuja mtu anazungumza, tunamuuliza maswali, tunakunywa chai."

Akanyamaza kidogo. "Basi hiyo si baraza? Sasa kodi mnalipia nini?"

Ni Mama wa Jinja aliyenipeleka Leicester kuliona jengo la mtaa wa Humberstone Gate. Chama cha pale, cha watu kama sisi, kilianza mwaka 1851, na ukumbi wao ulifunguliwa 1881 baada ya wao kuchoka kunyimwa kumbi za kukodi. Mmoja wa waliotoa fedha alikuwa Josiah Gimson, mwenye kiwanda cha mitambo. Mbele ya jengo wameweka sanamu tano za vichwa: Socrates, Voltaire, Thomas Paine, Robert Owen, na wa tano ni Yesu. Wakati ule wapo walioghadhibika kwelikweli, Yesu kuwekwa mstari mmoja na makafiri. Mama wa Jinja alizihesabu kwa kidole, akasema, "Ona, yeye pia namekuja kusikiliza." Hapo ndipo mshairi na msanifu William Morris alipokuja kuzungumza Januari 1884 juu ya sanaa na ujamaa. Na huu ndio mji ambao halmashauri yake, mwaka ule wa 1972, ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi Waasia wasije. Tulisimama pale na mwavuli mmoja. Akanionyesha duka la vitambaa alikoanzia kazi, tukaenda kula.

Nirudi kwenye saa. Hotuba dakika 40, chai dakika 15, maswali mpaka saa kumi na moja kasoro robo. Wageni hushangaa chai kukatiza katikati. Ndiyo siri yenyewe. Ukifungua maswali hotuba inapoisha tu, mikono inayoinuka ni ileile ya kila wiki, na nusu yake haiulizi, inahutubia. Lakini mpe mtu mwenye haya kikombe na jirani, atalijaribu swali lake kwa jirani kwanza. Jirani akitikisa kichwa na kusema "hata mimi nilishangaa", basi atarudi kitini akiwa na ujasiri. Maswali bora niliyoyasikia humu yalizaliwa kwenye foleni ya maziwa.

Kiingilio hatutozi. Kuna kisahani karibu na mlango. Desturi hii ina historia: sheria ya mwaka 1780 ilikataza kutoza watu fedha kuingia mijadala ya hadhara siku ya Jumapili. Leo hakuna wa kukushtaki, ila mimi nakipenda kisahani. Mtu asiye na kitu anapita bila kuangaliwa.

Kuhusu mada, nimejifunza kutowaamini wasomi wa kamati. Jioni ya mwanafalsafa Spinoza walikuja kumi na wanne. Jioni ya yule mhandisi wa maji taka, aliyetueleza choo cha mji huu kinakwenda wapi, viti vilikwisha na watu wakakaa madirishani. Sijui kwa nini watu wanadhani akili inataka mambo makubwa tu.

Sasa kuna mzee mmoja. Alikuwa mwalimu wa hesabu, amestaafu, hukaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Hapa kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza hata awe na miaka tisini. Mimi ulimi wangu ulikataa, nikamwita "mzee", akalizoea. Kila wiki aliinua mkono wa kwanza na kuuliza swali lilelile: "Hayo umeyajuaje?" Awe mtu wa nyuki, awe wa pensheni, "Hayo umeyajuaje?" Wengine walijibu vizuri. Wengi walibabaika, wakapitisha dakika kumi wakijizungusha, na saa yangu ikaharibika. Yule George Jacob Holyoake, mtetezi wa fikra huru tunayemsoma chamani, mwaka 1842 alifungwa miezi sita kwa kukufuru, na kosa lake lilikuwa jibu alilompa mtu kipindi cha maswali baada ya hotuba. Najua basi kwamba swali si kitu cha mchezo. Hata hivyo nilikuwa nikimwona mzee anakohoa tayari kuinua mkono, natazama dari.

Jumapili moja hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu tulimaliza saa kumi na moja kasoro robo, nikafunga mlango nikipiga mluzi. Nilifurahi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: niliona kiti kiko wazi, nikajua ni cha nani, nikashukuru. Msikitini kwetu mtu akikosa Ijumaa mbili lazima mtoto atumwe kwao kuuliza. Sisi tulikuwa na orodha ya barua za matangazo, na kila wiki tangazo lilimfikia nyumbani kwake, ambako hakukuwa na mtu wa kulifungua. Mama wa Jinja ndiye aliyepiga simu. Mzee alikuwa ameanguka bafuni, kavunjika nyonga, yuko hospitali siku ya kumi na tisa.

Nilikwenda jioni na sare yangu ya kazi. Hakunilaumu. Akaniuliza, "Nimekosa nini?" Nikamwambia mazungumzo yalihusu bei ya nyumba. "Alisema nini?" Nikaanza, nikasita. Sikumbuki. Wiki tatu nilikuwa nimeilinda saa tu. Hotuba yenyewe ilipita kichwani kama kituo kisicho na abiria.

Tangu hapo nakaa na daftari. Naandika kurasa mbili, Jumatatu baada ya zamu nampelekea. Sasa yuko nyumbani, anatembelea kigari cha kushikilia, na ngazi za Waquaker hajaziweza. Kurasa zangu huzisoma mbele yangu, polepole, kwa penseli nyekundu. Makosa yangu ya Kiingereza huyasahihisha pia, bila kuombwa. Mwisho huandika chini, hukunja, hunirudishia.

Jumapili iliyopita alikuja mchumi kutoka chuo kikuu, kijana mwenye grafu nyingi. Baada ya chai nikasimama nikasema nina swali la mwanachama asiyekuwepo. Nikafungua karatasi, ingawa nilijua kilichomo. Nikaona Mama wa Jinja anaweka chini birika ili asikie.

"Hayo umeyajuaje?"

Kijana akatazama grafu yake, akatutazama sisi, akavuta kiti akakaa.